Muhula wa Gambuti na Panga

Juzi nilikuwa ofisini mwa shule moja ya upili huko Embu, nikingoja fomu, mama mmoja akaingia na barua mkononi. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisa, zile mzazi huvaa akija kumwombea mtoto msamaha.

“Mwalimu, huyu msichana wangu amefanya nini?”

“Hajafanya kitu, mama. Amechaguliwa. Muhula mzima atakaa kambini kando ya msitu, akichuma majani chai, akikama ng'ombe, akijifunza mazingira.”

Mama aliirudia barua. Kidole kilikwama pale palipoandikwa mwanafunzi alete gambuti na panga.

“Na kwa masomo amekuwa namba ngapi?”

“Namba moja.”

“Namba moja, halafu mnampatia panga?” Alinigeukia kana kwamba barua nimeiandika mimi. “Hiyo kazi yote iko kwangu Kianjokoma. Nilimleta hapa aiwache!”

Mwalimu alifungua kalamu, akaifunga. Mimi nami nilichanganyikiwa, maana fomu niliyokuwa nikingoja ni ya kambi iyo hiyo, ya kijana wangu ambaye hajawahi kushika jembe. Nikamwuliza mama polepole kama angekubali kukaa na huyo kijana wangu kwake Kianjokoma muhula huo.

Aliangalia viatu vyangu vya mjini, akanihurumia.

“Pole sana. Wako naye amefanya nini?”