Mgolole Uliokaa Bega Lisilo Lake

Nakumbuka mchana mmoja pale kwetu Idodi, mwanangu, nilipomvisha mgolole mtu asiyestahili, nami nilijua hastahili. Mikono ilikuwa yangu na hakuna aliyenishika. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa kuandika kwangu si kazi nyepesi. Niliishia darasa la saba, na sentensi moja hunichukua muda wa kuchambua ungo wa mchele. Lakini wewe Petro unakwenda chuo mwezi ujao, na kuna jambo lazima ulijue kabla hujafunga begi. Mama yako anajua ninachoandika. Aliniambia, "Andika yote, hata pale ninapoaibika."

Wakati huo mama yako, dada yangu Levina, alikuwa anasomea udaktari wa uhandisi wa maji kule Mbeya. Si udaktari wa sindano, ni ule wa utafiti, ambao mtu husoma mpaka wenzake wa rika wanaitwa bibi. Idara nzima ilikuwa na wanawake wawili tu waliofika ngazi hiyo, yeye na Tabitha wa Nyololo. Wewe ulikuwa na miezi minne. Kwetu dada akizaa, mdogo wake ndiye anayekwenda kulea, basi nikaenda. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na aibu yangu ilikuwa ya ajabu. Konda akiniuliza nashuka wapi, nilikuwa naangalia viatu vyake.

Siku ya kwanza chuoni nilikaa nawe kwenye ngazi za nje, maana sikujua pengine pa kukaa. Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita unaijua. Akapita mzee mfupi, suruali imepauka magotini kwa tope.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Wa Levina," nikasema, kwa sauti ya kuku mgonjwa.

"Mtoto wa Levina anawekwa kwenye ngazi kama mzigo uliosahauliwa stendi? Ingia ndani, binti."

Huyo ndiye Dokta Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu. Alikuwa mhadhiri wa kawaida. Wenzake aliowatangulia walishakuwa maprofesa, kwa sababu wao waliandika makala zao wakati yeye anasoma sura za wanafunzi ambao hakuna aliyewataka. Alitupa pembe ya ofisi yake. Humo ndimo ulimojifunza kutambaa, Petro, katikati ya ramani za mito. Mama yako akiwa maabara anapima tope, nawe ukilia mpaka mimi nimeshindwa, mzee yule alikuwa anachukua kitenge changu, anakufunga mgongoni mwake, anaendelea kusahihisha kwa kalamu nyekundu akiwa amesimama.

Wenzake walimcheka. Walimwita yaya wa idara. Mmoja alikuwa akipita mlangoni lazima aseme, "Dokta, leo umeshanyonyesha?"

"Bado," anamjibu. "Nakusubiri wewe umalize kusoma sura ya Levina niliyokupa kabla ya Pasaka."

Na mkuu wa idara je? Kwenye karatasi, msimamizi wa kwanza wa mama yako alikuwa yeye. Mimi katika miaka yote ile nilimwona akishughulika na mama yako mara moja tu. Alimwambia kwamba mwanamke anayenyonyesha kichwa chake kiko kwa mtoto, afadhali aahirishe masomo. Nilikuwa nimesimama pale nimekupakata, na alisema hivyo kana kwamba mimi ni pazia. Dokta Ambakisye aliposikia alisema neno moja tu, "Hutaahirisha."

Ndugu wa baba yako nao walianza kudai mke wao arudi nyumbani, kwamba utafiti gani usiokwisha. Dokta akapanda basi nasi mpaka Idodi na dumu la pombe ya ulanzi, kama mshenga, akakaa na wakwe na Babu yetu wakazungumza. Alisalimia "Kamwene" kwa lafudhi iliyowachekesha mpaka wenye hasira. Kisha akakaa siku tatu, akaingia mferejini na mama yako kule kwenye banio la maji ya mashamba ya mpunga, wakichota tope la kupima. Babu alikuwa haoni tena, macho yote mawili yalikuwa na ukungu. Alimshika Dokta mkono, akapapasa tope lililobaki kwenye kucha, akasema, "Huyu ni mtu wa kazi. Mke wenu atasoma." Mjadala ukaisha.

Mama yako akamaliza. Babu akasema mtu aliyelea mtoto wetu hawezi kushukuriwa kwa maneno peke yake, lazima avishwe. Unajua kwetu Wahehe mgolole ni nini. Ni shuka jeusi la begani, na mgeni akivishwa mbele ya watu, hakuna atakayeuliza tena kama anaheshimika. Akatoa mpya. Akasema, "Fausta ndiye aliyelea, Fausta ndiye atakayemvisha mlezi mwenzake."

Siku ya sherehe watu walijaa, na padri alikuwepo. Dokta Ambakisye alikuja kwa basi pamoja na Tabitha, wakakaa benchi la nyuma karibu na wapishi. Mkuu wa idara alikuja kwa gari la chuo, na mpiga picha wake. Nilipochukua mgolole, baba yako akaninong'oneza, "Mvishe mkuu. Ajira ya dada yako iko mkononi mwake. Mwenye nguvu mpishe."

Nikamwangalia mama yako, naye akaangalia viatu vyake. Sote wawili tulikuwa tumeangalia viatu maisha yetu yote.

Basi nikamvisha mkuu. Watu wakapiga vigelegele. Yeye akashika mic akasema kulea watafiti wanawake ni wito wake tangu ujana. Nikageuka nyuma. Tabitha alikuwa ameinuka anaondoka. Dokta Ambakisye alikuwa anapiga makofi kama wengine, taratibu, na tabasamu la mtu aliyezoea. Makofi yale, mwanangu, ninayasikia mpaka leo.

Asubuhi Babu akaniita. "Aliyeshukuru jana, sauti ile siijui. Yule wa kamwene mbovu hakuja?"

"Alikuja, Babu."

"Sasa mbona sikumsikia?"

Nikachukua ufagio nikaanza kufagia uwanja. Babu alijua kusoma hata ufagio. Akasema, "Mimi sina macho, nimemkosa kwa kutoona. Wewe unayo mawili. Kwenye msiba wa maskini kabisa hapa kijijini, kabla watu hawajatawanyika, tunataja aliyechimba kaburi na aliyechota maji, kwa jina. Ninyi mmesomesha mtu mpaka mwisho wa kusoma, mmeshindwa kutaja jina moja."

"Niliogopa, Babu. Mimi wa darasa la saba nitasema nini mbele ya wale?"

"Kwani kusema kweli kunataka cheti? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ninyi mmemnyonga, na haki yake mmempa mwingine."

Akavua mgolole wake mwenyewe, umechakaa, una kiraka, akanirushia. "Nguo iliyovishwa haivuliwi. Lakini hii haijavishwa mgeni yeyote. Nenda nayo."

Ungedhani niliondoka siku hiyohiyo. Hapana. Niliukunja nikauweka chini ya mto, wiki zikapita. Kumbe chuo kilikuwa kinatafuta msimamizi bora wa wanafunzi wa udaktari, na ile picha ya mkuu amevaa mgolole wetu ikapelekwa kama ushahidi. Akapewa ngao. Kisha Tabitha akapiga simu. Dokta Ambakisye amefika umri wa kustaafu, ameomba abaki kwa mkataba mpaka amalize kumsimamia Tabitha, na idara inasema haijaona dalili kwamba amelea mtafiti yeyote. Kikao ni Alhamisi.

"Na wewe itakuwaje?" nikauliza.

"Mkuu ameshaniambia niahirishe," akasema Tabitha. "Nitarudi Nyololo nikalime viazi na mama. Mwambie Levina mgolole ulipendeza."

Akakata simu. Hasira ilinishika, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikamwambia mama yako naondoka. Akaendelea kukunja nguo zako. Lakini alfajiri nilimkuta kituoni, ameshika boksi.

Alhamisi nikagonga mlango wa kikao. Waliketi kama kumi, Dokta Ambakisye mwisho wa meza.

"Binti, hapa kuna kikao," akasema mkuu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kusahihisha."

Mtu mmoja akacheka. Nikapita nyuma ya viti, nikamwekea Dokta Ambakisye ule mgolole wa Babu begani. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemvisha mkuu kule Idodi. Nilikosea, na nilijua. Huyu ndiye aliyetuingiza ndani tulipokuwa kwenye ngazi. Huyu ndiye aliyembeba Petro. Mlimwita yaya, na ni kweli alikuwa yaya, na msimamizi, na mshenga. Jina lake ni Ambakisye."

Ndipo mama yako akaingia na boksi. Akamimina mezani rasimu za sura zake zote, kila ukurasa una mwandiko mwekundu wa mtu mmoja. "Mdogo wangu amesema kweli," akasema. "Mimi ndiye msomi, na nilinyamaza. Tafuteni humo mwandiko wa mtu mwingine." Yule bwana wa "umeshanyonyesha" akachukua ukurasa mmoja, akausoma, akaurudisha polepole.

Dokta alipewa miaka miwili, na Tabitha alimaliza. Leo anafundisha, na ofisini kwake kuna mkeka kwa ajili ya watoto wa wanafunzi wake. Lakini nisikudanganye kwamba yote yalinyooka. Mama yako alizungushwa miaka mitatu bila ajira, mpaka akapata kwingine. Na ile ngao iko ukutani kwa yule mkuu hadi leo. Hakuna aliyewahi kuirudisha. Siku ile tulipotoka kikaoni Dokta alinusa begani kwake akasema, "Fausta, nguo hii inanuka moshi wa jikoni kwenu." Akawa anafuta macho. Alizikwa nayo.

Watu watakuambia, mwanangu, tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Neno hilo ni la mtenda. Wewe uliyetendewa usijifiche nyuma yake. Huko uendako utawakuta walio na majina milangoni, na utawakuta walio na tope magotini. Waheshimu wote, lakini usiwachanganye. Anayekusomea kazi yako, anayekufungulia mlango walioufunga wengine, mtaje kwa jina, angali hai, mbele ya wale wanaomcheka. Usisubiri uwe na cheo ndipo useme, maana ukipata cheo utaogopa kukipoteza. Na ukimkuta mwenzako ambaye darasa zima hakuna anayefanana naye, msogezee kiti. Wewe mwenyewe ulilelewa kwenye pembe ya ofisi ya mtu.

Nenda salama, Petro. Mungu wa Babu akutangulie njia nzima. Akujalie mtu wa kukutoa kwenye ngazi, na siku ya kumvisha ikifika, mikono yako isikosee bega.