Hambaga Moja, Majaji Watatu

Kabla sijaeleza jinsi hambaga ilivyoliwa, lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tukila ugali.

Tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa jirani yangu Kibera, ukuta wa mabati kati ya chumba chao na chetu. Wa pili alizaliwa kwenye ploti hiyohiyo ya vyumba vya kupanga, kisha wazazi wake wakahamia Kawangware 46, lakini kila Jumapili alikuja kucheza mpira nasi. Tangu utotoni tulikula kutoka sahani moja, na sahani hiyo ilikuwa na sheria moja. Ukiinua mkono ukashika kitu kingine, umeshiba. Hakuna kuulizwa, hakuna kubembelezwa. Siku moja niliinua mkono kumfukuza kuku aliyeingia ndani. Niliporudi, sahani ilikuwa inang'aa. Sikulalamika. Sheria ilikuwa yetu sote.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nimemaliza darasa la nane na nilikuwa nikipiga randa kwa fundi wa meza. Jirani yangu alibeba mizigo sokoni. Yule wa Kawangware alitengeneza redio za kaseti, na siku moja mteja aliyefurahia kazi yake akampeleka kwenye hoteli moja mjini iliyokuwa na vioo mbele, akamnunulia hambaga. Tangu siku hiyo hatukupumzika.

"Maze, nyinyi hamjui dishi," alituambia kila Jumapili, akivua viatu vya mpira. "Mnakula tu ili msife."

"Si ni nyama tu katikati ya mkate?" jirani yangu akamjibu siku moja. "Mathe wangu anapika nyama hiyo kila siku."

Ilikuwa kweli. Mama yake alikuwa akikaanga kebabu karibu na lango la Nyayo Highrise, na watu wa maghorofani walishuka na slipasi kuja kuzinunua.

"Ya mathe wako imevalishwa yai ili kuficha aibu."

Alisema hivyo bila kujua kwamba mama mwenyewe alikuwa nyuma yake, ameshika kijiko cha kugeuzia. Mama hakukasirika. Alimtazama tu, kisha akatutazama sote.

"Basi nendeni mkaonje, wote watatu," akasema. "Mniletee ripoti. Yule ambaye maneno yake ni ya uongo atafua jezi za timu mpaka Krismasi." Akaniona nimejificha nyuma ya wenzangu. "Na wewe usiyeongea, wewe ndiye utaandika. Hawa wawili nawajua."

Akanipa daftari la mwanawe mdogo lililobaki kurasa chache, na kalamu. Niliitikia kwa kichwa. Moyoni nilikuwa nikiruka. Kila nilipopeleka viti mjini nilipita mbele ya kioo cha hoteli ile, na ndani kulikuwa na picha ya hambaga yenye taa nyuma yake. Nilikuwa nikisimama pale nikijifanya ninafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba. Nilitaka kukionja kitu kile kuliko nilivyotaka kuwa fundi, na sikuwahi kumwambia mtu.

Tulichanga pesa, zikatosha hambaga moja. Jumamosi asubuhi jirani yangu akaja na ugali wa moto ndani ya mfuko wa nailoni.

"Huo ni wa nini?" yule wa Kawangware akauliza.

"Utajuaje kama mboga ni tamu bila ugali?"

"Hambaga si mboga, buda."

"Tutaona."

Mimi ndiye niliyekuwa na sweta pana, kwa hiyo ugali ukafichwa chini yake, tumboni pangu. Ulikuwa wa moto kweli. Nilitembea kutoka Kibera hadi mjini nimejikunja kama mtu mwenye kidonda cha tumbo, na askari wa mlangoni alinifungulia mlango kwa huruma.

Ndani, yule wa Kawangware akasimama kwenye kaunta kama mwenye hoteli, akamsalimia msichana aliyekuwa akihudumu.

"Niaje sista. Hambaga moja."

"Moja? Mko watatu."

"Moja. Na sahani moja."

"Na chipsi?"

"Hatujakuja kwa chipsi."

Jirani yangu akauliza maji ya kunawa yako wapi. Tukaonyeshwa sinki nyuma kabisa. Tulinawa hadi kwenye viwiko kama tulivyofundishwa nyumbani, kisha tukarudi mmoja nyuma ya mwingine, mikono juu, ikidondosha maji, ili tusiguse chochote. Watu waliacha kutafuna.

Hambaga ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwenye picha, lakini ilikuwa yenyewe. Nilitoa tepu yangu ya kazini mfukoni, nikaipima upana, nikaweka alama mbili kwa ncha ya kisu. Mzee aliyekaa meza ya pili akashindwa kuvumilia.

"Vijana, hicho ni chakula ama ni ploti mnagawa?"

Nilipokata, sosi iliruka ikatua kwenye shati la jirani yangu. Lakini vipande vilitoka sawasawa. Sijawahi kukata mbao vizuri hivyo. Nikatoa ugali tumboni, nikauweka kando ya sahani, juu ya mfuko wake, na yule sista akaja mbio.

"Chakula cha nje hakiruhusiwi hapa."

"Hiki si chakula, sista," akasema yule wa Kawangware, ambaye dakika moja tu kabla alikuwa akiuonea ugali aibu. "Ni kipimo."

Sista akauinamia akaunusa. "Ni unga wa kusagisha, wa posho mill?"

"Wa posho."

Akamega kidogo, akatia mdomoni, akaenda zake akitafuna.

"Haya," yule wa Kawangware akaniambia. "Andika kwanza vile inakaa, kabla ionjwe. Kazi ifanywe vizuri."

Nikashika kalamu.

Mimi huandika polepole. Hata shuleni kengele ilikuwa ikilia nikiwa bado kwenye tarehe. Niliandika: *Mkate: laini ukiubonyeza, una mbegu juu.* Nikafikiri. Nikaandika: *Kitunguu: kipo.* Nilitaka mwandiko uwe mzuri kwa sababu mama angeusoma. Nikaandika: *Nyama:* nikaweka nukta mbili, kisha nikainua kichwa ili nionje na kuandika ukweli.

Sahani ilikuwa inang'aa.

Nilitazama chini ya daftari. Nilitazama chini ya meza. Wenzangu walikuwa wakilamba vidole.

"Kwani ni nini?" jirani yangu akauliza.

Nikaonyesha mahali palipokuwa na kipande changu.

"Si uliinua mkono?" akasema. Alishangaa kwa dhati, sura yake haikuwa na hila yoyote. "Ukashika kalamu."

"Tukajua umeshiba," mwenzake akaongeza.

Nilitaka kusema mengi. Lakini watu walikuwa wengi, na sheria ni sheria, kwa hiyo nikachukua ugali uliobaki nikapangusa tone moja la sosi lililokuwa ukingoni mwa sahani. Lilikuwa sosi ya nyanya tu, kama ya chupa.

Njia nzima ya kurudi walinibembeleza. Mmoja alikuwa ameipa hambaga ushindi, mwingine alikuwa ameipa kebabu, kwa hiyo kura yangu ndiyo ingeamua.

"Beshte, sema ilikuwa tamu," akasema yule wa Kawangware.

"Kumbuka mathe alikulisha ukiwa na surua," akasema jirani yangu.

Hakuna aliyekumbuka kwamba sikuwa nimeonja. Mimi nilikumbuka kila hatua.

Tulimkuta mama amezungukwa na wateja. Akapangusa mikono, akachukua daftari, akasoma kwa sauti: "Mkate, laini ukiubonyeza. Kitunguu, kipo. Nyama." Akageuza ukurasa. Akaurudisha. "Nyama, halafu?"

Wote wakanitazama, pamoja na mtu mmoja wa maghorofani aliyekuwa na kebabu mdomoni. Kwangu, kuongea mbele ya watu zaidi ya watatu ni kama kupanda paa la mabati wakati wa mvua.

"Sijaonja," nikasema. "Niliinua mkono ili niandike, wakala yangu."

Yule mtu wa maghorofani akacheka hadi akapaliwa. Mama hakucheka.

"Nimetuma jaji, nyinyi mkamla?"

"Lakini mathe, sheria ya sahani..." yule wa Kawangware akaanza.

"Sheria ya sahani ni ya ugali!" mama akasema. "Ugali ukiisha kuna mwingine kwa sufuria. Hambaga ilikuwa na sufuria?"

Akawanyooshea kijiko cha kugeuzia, mmoja mmoja.

"Mtafua nyinyi wawili. Mpaka Krismasi."

Akanipa kebabu mbili kwenye kipande cha gazeti. Nilizila nimesimama, na jirani yangu aliponinyooshea kalamu niandike alama, nilitikisa kichwa nikaendelea kutafuna.

Jumapili iliyofuata, baada ya mechi, walikaa karibu na bomba la maji na jezi kumi na moja zenye matope. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari kwenye magoti. Nilingoja mpaka mikono yao yote minne ilipozama kwenye povu.

"Ile kitu," nikauliza, "ilikuwa vipi?"

Wakatazamana. Jirani yangu akatazama kwanza upande wa lango, kuhakikisha mama yake hasikii.

"Maze," akasema kwa sauti ya chini, "ilikuwa tamu."

"Tamu sana," akasema yule wa Kawangware. "Hasa ile yako."

Nikafungua ukurasa, na kwa mwandiko wangu mzuri, polepole, nikaandika mbele ya zile nukta mbili: *wanasema ilikuwa tamu.*