Siku Niliyoikana Sumbawanga Redioni

Jumapili moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, nayo ni ile nilipoketi mbele ya kipaza sauti cha redio nikasema mimi si wa huku.

Tulikuwa vijana wanne, na kikundi chetu tulikiita Nyuki Wanne. Watatu walikuwa watoto wa Dar es Salaam. Mimi nilitoka hapa Malangali, Sumbawanga, nikiwa nimejifunza kuimba besi katika kwaya ya parokia. Nilikwenda Dar kumsaidia mjomba dukani. Wakanisikia naimba huku napanga sabuni, wakanichukua. Enzi hizo redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuota kama uyoga, kila moja ikitafuta nyimbo za vijana. Kanda yetu ya kwanza ikapigwa, ikapendwa. Tukaalikwa kwenye harusi na kumbi, watu wakatuita kwa majina barabarani. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, nami nilianza kulitia.

Kilichonikera ni jina la mji wetu. Nikisema natoka Sumbawanga, mtu anarudisha mkono aliokwisha kuunyoosha. "Wee, usije ukanitupia radi!" Wanacheka. Unaujua utani huo kwamba sisi ni wachawi wa kutuma radi, mpaka leo upo. Nilicheka nao, lakini ulinichoma. Baadaye nikawa najibu "Mbeya", kisha nikaacha hata Mbeya.

Basi Jumapili hiyo tulialikwa kwenye redio iliyosikika nchi nzima. Mtangazaji akatuuliza mmoja mmoja mpaka akanifikia.

"Na wewe mwenye besi, kwenu wapi?"

"Mimi mtoto wa Dar," nikasema. "Nimezaliwa hapa hapa, nimekulia hapa hapa."

Ilitoka kwa urahisi.

Miezi michache baadaye tukaja kuimba huku. Nilitangulia nyumbani, nimevaa miwani ya jua na viatu vyeupe ambavyo vumbi la barabara ya Tunduma lilikuwa limevimaliza. Mama alikuwa uani akipepeta ulezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mgeni. Habari za Dar?"

Nikadhani anatania. Akanitolea kiti chenye kitambaa, kile anachokalia padri akija. Akachinja kuku, akapika wali. Nilipoinuka nichukue ndoo nikachote maji, akanizuia: "Mgeni hachoti maji kwa watu." Nikamwambia nina hamu ya ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando. Akajibu bila kuniangalia, "Watu wa Dar hawauwezi huo."

Nikausogeza wali pembeni.

"Mama, ulisikia redio?"

Akaweka sahani yake chini. Mama yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Siku ile nilianika betri juani tangu asubuhi," akasema. "Nikaita majirani, hata wale wafugaji wa Kisukuma wa kule bondeni wakaja. Mama Silvesta alitembea kutoka mtaa wa Chanji. Ulipomaliza kusema ulikozaliwa, nikazima redio, nikawaambia betri zimeisha. Nao wakakubali, ingawa walikuwa wamekwisha kusikia. Walinionea huruma. Sijawahi kuwadanganya majirani zangu, mwanangu. Siku ile niliwadanganya kwa ajili yako."

Nilipiga magoti, nikamwomba radhi. Nikamwahidi kwamba kesho yake ukumbini nitasimama mbele ya watu niseme mimi ni Mfipa wa Malangali.

"Hapa kila mtu anakujua," akasema. "Kaseme kule ulikokataa."

Hilo lilikuwa gumu. Deusi, kiongozi wa kikundi chetu, alipinga. Alisema nitaonekana mwongo na sote tutachekwa. Ukapita karibu mwaka mzima ndipo tukaitwa tena kwenye redio ile. Kabla wimbo haujapigwa nikaomba nafasi. Nikasema kwamba safari iliyopita nilidanganya. Nimezaliwa Sumbawanga, na mama yangu yuko Malangali analima ulezi na mahindi. Mtangazaji akacheka, akaniuliza habari za radi. Nikamjibu, "Kwetu radi tunaiogopa kama ninyi." Yakaisha hapo. Deusi alininunia wiki nzima, kisha akasahau.

Krismasi iliyofuata nilirudi nyumbani, nikaingia ndani na viatu vyenye tope. Mama akanigombeza mpaka majirani wakasikia. Sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku ile. Kikundi kilidumu miaka miwili zaidi, halafu masikio ya watu yakahamia kwingine, kila mmoja wetu akashika njia yake.

Sasa nimesikia sauti yako, mwanangu, na wanasema utafika mbali. Nenda, sikuzuii. Ila wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, nami utumwa huo nimeuonja: ni kuchunga ulimi kila mtu anapokuuliza swali dogo tu. Wakipacheka kwenu, cheka nao ukiweza, lakini usiwasaidie kwa kukana kwenu. Na ukiteleza, maana kuteleza si kuanguka, usikimbilie kutubu mahali ambapo ni rahisi. Rudi pale pale ulipokosea, mbele ya wale wale waliokusikia, hata kama itakugharimu kicheko.

Mungu akutangulie, akulindie koo na ulimi, na wazazi wako awape umri wa kukusikia ukiwataja.