Choma kwa Herufi Kubwa

Watu wa mtaa wangu wa Cheyo wakikuambia kwamba shangazi yangu Apolinaria alimtoa diwani gerezani kwa sababu alihongwa kitenge, waambie Bertila amesema ni waongo. Mimi ndiye niliyemlaza kwangu, mimi ndiye niliyempeleka kortini, na kitenge alichovaa siku ile kilikuwa changu, tena kina kiraka. Nalisema hili mapema kwa sababu hasira zangu ziko karibu, na sipendi zinipande katikati ya habari.

Shangazi alikuwa mkulima wa mpunga, mjane, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili na kugombana siku sita zilizobaki. Kaya yake ilikuwa kilimani, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Choma, upande wa Igunga. Babu yake alikuwa mpagazi wa njia ya misafara, aliyebeba mizigo ya watu kutoka hapa Tabora mpaka pwani, na ukoo mzima tumelelewa kwa msemo wake: mzigo wa mtu hautupwi porini. Shangazi akishautamka huo, huna haja ya kupoteza mate kumzuia.

Mambo yalianza mwaka wa sabini na nne, wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Mwezi wa sita diwani wao, Lugembe, aliitisha mkutano awaambie watu nani ahamie wapi. Huyu Lugembe alikuwa mtu wa kubana maneno. Jambo ambalo wewe na mimi tungelisema kwa robo saa, yeye alilimaliza kwa pumzi moja. Akapanda juu ya gogo, akasema, "Kaya za bondeni, Igunga. Kaya za kilimani, Choma." Akashuka.

Wenyeji walielewa. Choma ni mahali, wanakwenda mnadani huko tangu wazaliwe. Lakini mkutanoni walikuwepo mgambo sita walioletwa kutoka mbali, vijana ambao Choma hawakuijua hata kwa kusikia. Kesho yake asubuhi wakapanda kilimani na viberiti. Nyumba nane ziliungua. Ya shangazi ilikuwa ya kwanza, na ndani yake ziliteketea vihenge viwili vya mpunga na picha pekee aliyokuwa nayo ya marehemu mume wake.

Mgambo walipokamatwa walijibu bila kupepesa macho: diwani alisema kaya za kilimani choma, tukachoma. Karani aliyeandika mkutano akaleta daftari lake, na humo maneno yote yalikuwa kwa herufi ndogo, bila nukta wala mkato. Lugembe akashtakiwa kwa kuchochea watu wachome nyumba. Shangazi akaitwa kutoa ushahidi upande wa mashtaka.

"Ulimsikia mshtakiwa akisema, kaya za kilimani choma?" mwendesha mashtaka alimuuliza.

"Nilimsikia."

"Na nyumba yako ikachomwa?"

"Ikachomwa."

Akaambiwa ashuke. Lugembe akafungwa miaka saba, na kule kilimani shemeji yake shangazi, Nikolaus, akachinja jogoo. Mimi pia nilifurahi, sitaficha. Niliona mkubwa mmoja amepata haki yake.

Baadaye watu wote wa kilimani walihamishiwa Choma kweli, wakajengewa pia darasa la kisomo cha watu wazima. Shangazi akajiandikisha, na miaka yake hamsini na ushei. Siku moja mwalimu akaandika ubaoni sentensi mbili. Ya kwanza: Mama anachoma mahindi. Ya pili: Mama anaishi Choma. Akawauliza kwa nini neno la pili lina herufi kubwa. Darasa zima likamwonyesha shangazi kidole, kwa sababu alikuwa anajua kila jibu. Yeye akafunga daftari lake, akatoka. Wiki ile yote hakurudi darasani. Wiki iliyofuata alidandia lori la pamba mpaka Igunga, akapanda basi, akanifikia Cheyo mchana, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

Nilikuwa nachagua mchele. Akakaa, akavuta ungo mwingine, akaanza kuchagua na yeye kabla hata ya kunywa maji.

"Bertila, nimemfunga mtu."

"Shangazi, amefungwa na hakimu."

"Hakimu hakuwepo mkutanoni. Mimi nilikuwepo. Lugembe aliposema Choma, nilimuuliza mwenyewe, huko Choma kuna maji? Akanijibu, kisima kinachimbwa. Sasa niambie, mtu anayeamriwa kuchomewa nyumba anauliza habari za kisima?"

Nikamuuliza kwa nini hakulisema hilo kortini. Akaokota punje ya jiwe, akaitupa, akasema hakuulizwa. Nilimjua shangazi yangu. Jibu lile halikuwa lote.

Wakati huo mji ulikuwa haulali kwa kesi hiyo, maana wakili wa Lugembe alikuwa amekata rufaa na ingesikilizwa hapa hapa Tabora. Barazani kwa jirani yangu mzee Twalibu, mshona kanzu, ubishi ulianza baada ya alasiri na kwisha kwa adhana ya magharibi. Mzee Twalibu alikuwa upande wa diwani, na hoja yake ilikuwa ya lugha. "Mtu mmoja unamwambia choma," alisema. "Umati unauambia chomeni. Lugembe alisimama mbele ya umati. Kama alitaka nyumba zichomwe, ile 'ni' ya mwisho ilikwenda wapi?" Nikapenda hoja ile, nikambebea shangazi kama zawadi. Akanitazama kwa huruma. "Mkutano ule ule alituambia chapa kazi, acha uvivu, nasi tulikuwa mia tatu. Lugembe hajawahi kuwa na 'ni'."

Alikuwa na haki. Kortini, wakili wa diwani aliileta hoja ya mzee Twalibu, na wakili wa serikali akaivunja kwa daftari lile lile la karani: chapa kazi, acha uvivu. Na kesi yenyewe ilikwenda kwa Kiingereza, mkalimani yuko katikati. Kwenye jalada neno la diwani lilishageuzwa Kizungu, likabaki la kuunguza tu, la mahali halimo tena. Basi ikawa hakuna kilichobaki isipokuwa mtu aliyesikia.

Nikolaus alikuwa ameshatufuata Cheyo, amepanda basi kwa kazi hiyo moja. Hata chai hakuimaliza. "Shemeji, ukisimama kule ukageuza maneno, utakayefungwa ni wewe. Watasema ulidanganya kwa kiapo. Na kwa faida ya nani? Ya mtu aliyetufanya tulale nje na watoto?"

"Nimesikia," shangazi akamjibu.

"Umesikia, lakini utakwenda?"

"Nitakwenda. Mzigo wa mtu hautupwi porini."

Nikolaus akanigeukia mimi, "Mayu, mama, zungumza naye wewe uliyesoma." Nilizungumza. Nilisema kwa sauti ambayo sikupaswa kuitumia kwa dada wa baba yangu, nikamwambia gereza si mchezo, atafia humo. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa hugomba. Aliniacha nimalize, kisha akaazima kitenge changu kwa sababu chake kilikuwa kichafu.

Asubuhi tukaenda kwa wakili wa Lugembe. Wakili akamwomba jaji amsikilize shahidi yule upya, na jaji, baada ya mabishano ya vifungu ambayo sikuyaelewa, akakubali. Shangazi akala kiapo, akashika ukingo wa kizimba, akasimulia: bondeni Igunga, kilimani Choma, mkono wa diwani ulivyonyooshwa kwenye njia ya mnadani, swali lake la maji, jibu la kisima. Alisema polepole, akimsubiri mkalimani kama mtu anayemsubiri mtoto avuke mto.

Wakili wa serikali akasimama. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Mama, mara ya kwanza ulisema ulimsikia akisema choma. Leo unakana?"

"Sikani. Nilimsikia, na leo nasema nilimsikia. Mliniuliza neno. Hamkuniuliza maana yake."

Watu wakacheka kidogo. Jaji akainua uso, wakanyamaza.

"Lakini maana uliijua?"

"Niliijua."

"Siku ile ile, ukiwa kizimbani, uliijua?"

"Niliijua."

"Basi kwa nini hukusema?"

Nilimwona shangazi akinitafuta kwa macho kati ya watu. Nikatingisha kichwa, nikimwomba aseme amesahau, aseme aliogopa, aseme lolote. Akamgeukia jaji.

"Kwa sababu nilitaka afungwe," akasema. "Nyumba yangu iliungua. Nilitaka mtu alipe, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Kama kuna kifungo cha kosa hilo, nimekuja na shuka yangu."

Na shuka kweli alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya kikapu mikononi mwangu. Mimi nilidhani ni ya basi.

Hukumu ilisomwa siku ya tatu. Jaji alisema haiwezekani kumfunga mtu kwa neno ambalo waliolisikia walilielewa kuwa jina la mahali, hata kama wengine walilielewa vibaya wakatenda uhalifu. Lugembe akaachiwa. Juu ya shangazi, jaji alisema shahidi alijibu kweli alichoulizwa, na kwamba waliokuwa na kazi ya kuuliza zaidi hawakuuliza. Kisha akamwangalia, akasema kwa Kiswahili, bila mkalimani, "Lakini mama, wewe mwenyewe unajua." Shangazi akaitikia, "Najua, Mheshimiwa." Nililia pale pale, mbele za watu, na sioni haya.

Nje Lugembe alikuja mbio, suruali imekuwa kubwa kiunoni. Alikuwa wa umri wa kuwa mdogo wake shangazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, ulichonifanyia nimekusamehe. Kwa moyo wote."

Nilitaka kumrukia. Shangazi akanishika mkono.

"Ahsante," akasema. "Sasa na mimi nikuulize. Asubuhi ile moshi ulionekana mpaka Igunga. Uliuona?"

"Niliuona," Lugembe akajibu.

"Ukafanya nini?"

"Nilidhani ni watu wanachoma mashamba, mama."

"Mwezi wa sita? Mpunga uko uwanjani unapurwa, nani huchoma shamba mwezi wa sita? Wewe ni mtoto wa mkulima, Lugembe."

Shangazi hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mimi nimesimama mbele ya jaji nikakiri kwamba nilitaka ufungwe. Sasa wewe njoo Choma, usimame mbele ya watu, ukiri kwamba uliuona moto ukauacha, kwa sababu ulitaka tuhame."

Alimsubiri ajibu, na watu waliokuwa wakitoka kortini wakasimama kusubiri pamoja naye.