Dawa Isiyokauka Mikononi

Hospitalini hakuna aliyemwita afisa ununuzi kwa jina lake. Alikuwa Bi Nusa, na jina hilo alilipata kwa haki. Hakuna dumu la sanitaiza, wala ndoo ya klorini, wala hata sabuni ya vyooni iliyoingia stoo kabla ya kupita puani pake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akinunua dawa za kuua vijidudu kwa wodi kumi na moja, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha jambo moja: watu ni waongo, na waongo wakubwa kuliko wote wana vyeti.

Msimcheke. Aliwahi kuletewa madumu mia mbili, mengine yana dawa ya kijani na mengine ya bluu, yote yana namba moja ya toleo. Aliwahi kuletewa klorini iliyokwisha muda wake, tarehe imekwanguliwa kwa wembe. Tangu hapo, mzabuni akishusha mzigo, Bi Nusa hakugusa dumu la juu. Alichomoa la chini kabisa, lile ambalo wapakuaji hawataki kulifikia, akamimina kidogo kwenye chupa ndefu ya kioo na kutumbukiza kipimo chake kinachoelea. Alkoholi ikiwa chini ya asilimia sabini, mzigo wote ulirudi ulikotoka. Mtu anune, asinune, shauri yake.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mumewe alikuwa akisema ameoa mpelelezi. Kitinda mimba wao, ambaye sasa alikuwa ameolewa na ana mimba ya miezi tisa, alikua akinuswa kila arudipo matembezini. Binti huyo alikuwa amejiandikisha kujifungulia hospitalini hapo hapo, kwa sababu mama yake yupo.

Jumatatu asubuhi, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga aliingia ofisini na chupa mkononi, akaiweka mezani bila salamu.

"Dawa yako haikauki mikononi. Na nina watoto wanne, vitovu vinatoa usaha."

Bi Nusa alipima. Kipimo kilisimama kwenye thelathini na nane. Moyo ukampasuka, maana binti yake alikuwa amebakiza siku chache ajifungue.

Wa kwanza kumfikiria alikuwa mzabuni mpya, bwana mwenye tai nyembamba aliyekuwa akimwita "mama yangu" kwa sauti tamu kupita kiasi. Mtu asiye na lake jambo hamwiti hivyo mama wa watu. Akaandika barua ya kuvunja mkataba, akaipeleka kwa mkurugenzi, ndipo akashuka stoo kupima. Alifungua madumu kumi yenye lakiri. Yote yalisoma sabini na tano.

Akahamia kwa mtunza stoo, mzee wa watu mwenye miwani ya kamba. Akayapima madumu kwa mizani, akakagua lakiri moja moja, hakuna kilichopungua. Akamgeukia msukuma mkokoteni. Akamgeukia fundi aliyekuwa ametengeneza kitasa. Kwa siku tatu wasio na kosa walipita mlangoni pake wakijikagua mifuko. Mtoto wa tano akapata homa.

Alhamisi aliamua kufuata dumu lenyewe. Lilipotoka stoo alilifuata nyuma, hatua kwa hatua, mpaka wodi ya watoto wachanga. Akaketi kwenye benchi la korido, akalikazia macho. Kabla ya adhuhuri mhudumu wa wodi alitoka, akalibeba, akaingia nalo chumba cha kusafishia vyombo. Mhudumu huyo alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, ambaye yeye mwenyewe alimtafutia kazi hapo.

Alimkuta bombani. Dumu la pili, lililokuwa tupu, lilikuwa limemiminiwa dawa hadi nusu, na maji yalikuwa yanajaza nusu iliyobaki. Wifi alikuwa anaimba taratibu. Hata hakushtuka.

"Wifi, unafanya nini?"

"Naongeza dawa."

"Unaongeza na maji?"

"Si ndivyo tunavyofanya klorini? Kopo moja la dawa, makopo tisa ya maji. Wewe ndiye uliyetufundisha. Hii sisi tunaihurumia, nusu kwa nusu."

"Klorini inakuja kali, hiyo inapunguzwa. Hii inakuja tayari. Ukiitia maji umeiua." Bi Nusa alilisogeza dumu kando ya bomba. "Kwa nini hukuniuliza?"

Wifi alifunga bomba.

"Nikuulize wewe? Tangu mwezi uliopita unatupa dumu moja kwa wiki mbili. Linaisha siku ya sita. Dada wa wodi ya upasuaji alipokuja kuomba jingine ulimuuliza mbele za watu kama anaogea. Ukamnusa mikono, wifi. Baada ya hapo nani angekuja? Wodi zote tunaongeza."

Bi Nusa alikumbuka. Alikuwa amepunguza mgao kwa kuwa aliamini wahudumu wanaiba na kupeleka makwao. Hakuwa amemshika hata mmoja. Aliona haya mpaka masikio yakamuwaka moto.

Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaichana ile barua ya mzabuni.

"Basi huyo mhudumu aondoke leo."

"Haondoki," alisema Bi Nusa. "Dawa nzuri ilikuwa imejaa stoo, mimi ndiye niliyeikalia. Wale walitia maji kwa kuniogopa. Kwenye ripoti andika jina langu."

Kabla mkurugenzi hajajibu, simu ikalia. Alikuwa binti yake, anahema.

"Mama, uchungu umeanza. Tuko njiani. Lakini huku watu wanasema watoto wanaugua hapo kwenu. Wewe ndiye unayezijua dawa za huko. Nije?"

Bi Nusa alitazama dirishani. Wodi kumi na moja, chupa ukutani kila mlango, na hakujua hata moja ina nini.

"Usije, mwanangu," alisema. "Nendeni hospitali nyingine."

Akakata simu, akamwomba mkurugenzi ruhusa, akashuka kumtafuta wifi yake waanze kumwaga.