Siku Nilipopanga Viatu vya Wapiga Kura

Ile harufu ya viatu vilivyolowa, mnaijua? Ngozi, jasho, mvua. Juzi tulienda kupiga kura ya city council, baraza la jiji, hapa Chatsworth, tumejazana ndani ya holi ya shule, nje iko mvua ya kweli, na harufu ile ikanipanda puani. Eish, wanangu, nikasahau mstari. Mjukuu wangu ananisukuma kidogo, bibi sogea, watu wanangoja. Mimi nilikuwa nimeshafika Bluff, niko na miaka saba, nimekaa kwenye ngazi ya msikiti.

Mnisamehe Kiswahili changu. Ni kile cha bibi yangu, na siku hizi nakichanganya na cha wale wamama Wakongo wa saluni hapa chini, basi kinatoka kinavyotoka.

Zamani sisi Wazanzibari tulikaa kule Bluff, juu ya bandari. City council ilikuwa mambo ya wazungu. Siku yao ya kura barabara yote ilijaa picha za wanaume wenye tai, na sisi hakuna aliyetuuliza hata jina. Lakini tulikuwa na shule yetu, mabati tu, na shule ilikuwa na kamati. Wazee wakasema, wazungu wanachagua leo, na sisi tuchague leo. Kwa nini tukae bure?

Uenyekiti wa kamati waligombea wawili. Mmoja Mzee Abdala, foreman, msimamizi wa wabeba makaa bandarini. Kila asubuhi alisimama getini ananyoosha kidole: wewe ingia, wewe rudi nyumbani. Hata baba yangu alikingoja kidole hicho. Huyu alisema mtoto wa kike akijua Kurani inatosha, arudi jikoni. Wa pili Mwalimu Isa, mwembamba kama ufagio, alitaka wasichana waendelee na darasa, tena waletewe mwalimu mwanamke. Na mimi nilichotaka duniani kote kilikuwa kibao cha kuandikia. Nilikuwa nakiota.

Kura yetu ilikuwa kusimama. Unasimama nyuma ya mtu unayemtaka, unahesabiwa, kwisha. Wanaume wakajipanga uani mwa msikiti, mistari miwili, wamama wanachungulia nyuma ya ua wa matete. Kabla hawajahesabiwa, adhana ya alasiri ikalia. Wakabishana kidogo, halafu imamu akasema kila mtu aache viatu vyake pale aliposimama, tuswali, viatu vitatungojea. Wakaingia miguu mitupu, na wamama nao wakainama kuswali kwao.

Sasa sikilizeni. Kila alasiri kazi ya kupanga viatu vya msikiti ilikuwa yangu. Bibi alinifundisha: jozi kwa jozi, vidole vinatazama nje, mtu akitoka avae tu aende zake. Nilijisikia mkubwa kwa kazi ile! Nikaona viatu vimetapakaa uani kama kuku. Nikavibeba vyote. Nikavipanga kwenye ngazi, vidogo mbele, vikubwa nyuma, vizuri kabisa. Hata vya baba, vile vya kahawia alivyovikata tundu kwa sababu ya dole gumba lake bovu, nilivitoa kwenye mstari wa Mzee Abdala nikavipa nafasi nzuri katikati.

Wakatoka. Uani hakuna mstari tena. Mzee Abdala akauliza nani amegusa viatu. Shangazi Zuhura akamjibu kutoka nyuma ya matete, "Basi ngazi imepita. Mwenyekiti wa mwaka huu ni ngazi." Watu wakacheka. Mzee Abdala hakucheka.

"Simameni tena," akasema. "Mimi niko na macho mazuri. Namkumbuka kila mtu alikuwa wapi."

Wakavaa, wakarudi mmoja mmoja. Baba akawa wa mwisho, sababu ya lile dole. Alinikuta ngazini, machozi na makamasi yananitoka. Akaniangalia sana. Kisha akavuka ua polepole, akaupita mstari wa foreman wake.

"Shabani, mstari wako ni huu."

"Najua, Mzee. Naenda kule."

Mwalimu Isa alipita kwa mtu mmoja.

Mimi niliona aibu sana. Nilifikiri kwa kuchanganya viatu nimemchanganya mpaka baba, amesahau alikuwa wapi. Tulipofika nyumbani nikamwomba radhi kwa kumpotezea mstari wake. Alicheka mpaka akakohoa makaa.

Mwalimu mwanamke akaja, kibao nikapata. Baba akaacha bandari, akaenda kiwanda cha sabuni Mobeni, kwa miguu. Alisema amechoka kuwa mweusi mara mbili. Nilifurahi, baba ananukia.

Mama ndiye aliniambia, tulipokwisha kumzika baba, na mimi mwenyewe tayari mama wa watoto wanne. Kesho yake tu baada ya kura, kile kidole cha getini hakikumnyooshea tena kuingia. Alienda kila asubuhi mwezi mzima, anarudishwa mbele ya wenzake.

Nilisoma miaka miwili. Halafu serikali ikatuhamishia huku Chatsworth, shule ikabaki kule, nikaanza kufua nguo za watu. Miwili tu, wanangu. Na kila jioni ya hiyo miwili baba alirudi kutoka Mobeni miguu imevimba, hajakaa bado, ananiuliza leo mmesoma nini. Na mimi, mtoto mjinga, nilimjibu, "Kusoma tu, baba," nikakimbia kucheza.