Bunduki Mbili za Papa

Bunduki iliyofyatuka vizuri jana ina sababu gani ya kufyatuka vizuri kesho? Nilimwuliza Papa, baba yangu, hivyo mwaka ule uasi ulipofunga chuo kikuu nilichosoma.

Papa alikuwa mwindaji wa shamba la kahawa. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wafanyakazi nyama: asubuhi alipewa risasi, jioni alirudisha maganda, na kila ganda lilitakiwa liwe na mnyama wake. Baada ya uhuru mzungu wa shamba aliondoka, akamwachia bunduki mbili za marisau, zote za kujipakia zenyewe, zote za bei ya chini. Moja ilitoka Ubelgiji, imechakaa. Kila ilipopiga, mtutu wake wote ulirudi nyuma, na bega likapata teke. Nyingine ilitoka Amerika, nyepesi, mti wa kitako chake kama wa sanduku la sabuni. Hiyo ilijipakia kwa nguvu ya moshi wa baruti.

Sasa mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na soko la Mangobo lilibaki na sombe tu, majani ya muhogo. Papa aliamua kuingia msituni kutafuta nyama. Angebeba bunduki moja. Mama alikuwa amefariki zamani, nyumbani tulikuwa mimi na yeye, na kama bunduki ingekwama mbele ya nyati hakuna mtu ambaye angemsikia.

Nilitaka tuzipime. Kwa Papa, kupiga risasi bila mnyama lilikuwa jambo la aibu, lakini alichoka na maneno yangu. Risasi alizihifadhi katika kikapu juu ya moto, pamoja na samaki, kwa sababu maganda yake yalikuwa ya karatasi na unyevu wa kwetu uliyavimbisha. Alikuwa na ubao wenye tundu la kupimia risasi. Risasi iliyopita yenyewe aliichukua. Iliyogoma aliirudisha juu ya moto.

Tulikwenda kwenye shamba lile la kahawa, ambalo lilikuwa limegeuka kichaka. Siku hizo mlio wa bunduki haukumgeuza mtu shingo. Ya Ubelgiji ilikwama mapema: ganda lilinasa kwenye mlango wa kutolea maganda, Papa akalitoa kwa kidole. Ya Amerika ilipiga laini, ikapiga tena, kisha ikajaa masizi na kukataa kabisa kumeza risasi.

“Hii ya Amerika ndiyo nzuri,” nilisema. “Imekwama mwisho tu.”

“Na ikikwama, nitaifungua na nini? Na meno?”

“Lakini ile ingine imekwama mbele yetu, Papa.”

“Imekwama, nimeikwamua. Hukuona mukono yangu?”

“Risasi chache hazionyeshi kitu. Pengine ni bahati tu.”

“Alors, universitaire, wewe mutu wa chuo kikuu, nimalize risasi yote kwa kupima, kisha nimupige nyati na mupini?”

Alicheka mwenyewe kabla sijacheka. Kesho yake aliviringisha ile ya Ubelgiji katika mkeka, akaniambia nisiache nyumba wazi, watu wangebeba hata milango. Akaenda.

Nilipika kwa wawili kwa muda mrefu, kisha kwa mmoja na nusu, nikidhani hiyo ni busara. Majirani walijua Papa ameondoka na bunduki, wakamhesabu kuwa mwasi, kwa hiyo hawakuuliza habari zake, na wakipita walitazama upande mwingine. Mchana niliishusha ile ya Amerika kutoka darini, nikaifungua kipande kwa kipande na kuisafisha kwa mafuta ya taa. Ilikuwa ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo, na kitu pekee nyumbani kilichotoa sauti nilipokigusa. Jeshi la serikali liliporudi mjini na kuanza kupekua nyumba, niliitumbukiza chooni. Nyumba ikanyamaza kabisa.

Nilimaliza masomo, nikafundisha shule huko Kabondo. Nilisoma vitabu vya ufundi ili nielewe mtutu ule unaorudi nyuma. Kichwani nilimwona Papa mara nyingi: ganda limenasa mlangoni, kidole kinalitafuta, nyati anakuja. Sikuwa na ushahidi wowote, mimi niliyedai ushahidi kwa kila mtu, na bado niliamini kwamba ndivyo alivyokufa.

Nywele zangu zilikuwa zimeanza kuwa na mvi nilipokutana na mwanamke mmoja wa Isangi, aliyekuwa msichana wakati wa uasi. Alisema mwindaji wa mjini alifika kijijini kwao mikono mitupu, akiwaka homa, akataja jina lake na mtaa wetu. Aliwaambia kwamba bunduki aliitupa mtoni siku ileile aliyoondoka mjini, maana njiani waasi kwa askari walimpiga risasi yeyote waliyemkuta na silaha. Homa ilimwua upesi. Walipomwandaa kwa mazishi walikuta risasi zake zote mfukoni: bunduki ile haikuwahi kupiga wala kukwama.